Bi Sange Alivyoupima Mwezi Mara Mbili

Nije nisije?

Njoo!

Nije na kweli au nije na uongo?

Njoo navyo vyote, tutachambua wenyewe kama mchele!

Basi sogeeni. Mwenye mtoto ampakate, mwenye njaa avumilie.

Hapo kale, kule maweni, mahali ambapo ardhi yote ni mawe makali na vichaka vya miiba, aliishi Sange. Sange mnamjua: mnyama mdogo kama panya, miguu kama vijiti, pua ndefu inayochezacheza kama mkia uliokosea mahali pa kuota. Alikuwa na watoto wawili, Mize na Faki, na alikuwa na kazi. Kazi yake ilikuwa kupima mwanga.

Msicheke. Kazi ni kazi.

Nyumba yake ilikuwa pango, na juu ya pango palikuwa na tundu. Jua likifika utosini, mwale mmoja ulishuka tunduni, twaa! mpaka juu ya jiwe. Ukiweka kitu juu ya jiwe lile, kitu hicho kilikula mwanga kiasi, na kiasi kingine kikakirudisha ukutani. Huko ukutani bibi zake Sange walikuwa wamechora mistari kumi. Mwanga uliorudi ukipanda mpaka mstari wa tisa, Bi Sange alisema, "Vibaba tisa." Ukiishia wa nne, alisema, "Vibaba vinne."

Unga ulipewa vibaba kumi, ukarudisha tisa. Mchanga ulipewa kumi, ukarudisha vinne. Kaa lilipewa kumi, likarudisha nusu kibaba. Kaa ni mlafi. Ndiyo maana mtu aliyechanganya chumvi yake na majivu alikuwa hapiti karibu na pango la Bi Sange.

Kazi ile ilikuwa na sharti moja, naye alilirithi kwa mama yake: kitu hakipimwi peke yake. Lazima kiwekwe na mwenzake ubavuni. Kwa nini? Kwa sababu ndani ya giza, kitu kimoja kikimulikwa peke yake, hata kama ni jiwe la mafiga, kitang'aa kama yai.

Sasa, palikuwa na Nyani. Nyani mkubwa, mabega mapana, meno kama vishoka. Alikuwa akila cha kwake, akimaliza anakula cha mwenzake, akimaliza anauliza, "Kwani hamjapika?"

Jioni moja, mwezi ulikuwa wa siku nane na umesimama juu ya tundu la pango. Nyani akaja na wanyama wote nyuma yake. Alikuja Njiwa, akaja Paa na mtoto wake, akaja Yangeyange na manyoya yake marefu meupe, akaja Kima mwenye kucheka ovyo.

"Bi Sange!" Nyani akaita. "Wewe unayepima kila kitu. Mwezi una vibaba vingapi?"

Bi Sange akatazama juu. Mwezi ulikuwa peke yake katika tundu jeusi. Ulikuwa unang'aa, lakini hapakuwa na cha kuweka ubavuni mwake. Moyo wake ukamwambia, "Sema hujui." Akafungua mdomo aseme. Hapo hapo mtoto wake Mize akapaza sauti mbele ya watu, "Mama anajua! Mama anajua kila kitu!"

Macho yote yakamgeukia Bi Sange. Pua ikamwasha. Akaona haya kusema "sijui" mbele ya mwanawe.

"Tisa," akasema.

"Sema kwa nguvu!"

"Vibaba tisa. Kama unga."

"Wahu! Wahu!" Nyani akarukaruka. Akaenda mbio mpaka kwenye tanuri la chokaa ambalo wanadamu walikuwa wamelihama. Akajitupa ndani ya chokaa, bwata! Akagaagaa, garagara, garagara. Akatoka mweupe toka kichwani hadi mkiani, anapiga chafya na anaimba:

"Mwezi mweupe, nami mweupe,
ndugu kwa ndugu hatunyimani cheupe!"

Asubuhi akaenda kwa Njiwa. "Bi Njiwa, mayai yako ni ya rangi gani?"

"Meupe, bwana."

"Cheupe ni cha ukoo wetu. Lete."

"Nani kasema?"

"Bi Sange kapima!"

Akala mayai mawili, fyu, fyu. Njiwa hakuwa na mengine. Akamtazama Bi Sange aliyekuwa akipita njiani, na Bi Sange akaificha pua yake majanini.

Siku ya pili akaenda kwa Paa. "Mama Paa, maziwa yako ni ya rangi gani?"

"Meupe, bwana, lakini ni ya mwanangu."

"Cheupe ni cha ukoo wetu. Sogea."

"Nani kasema?"

"Bi Sange kapima!"

Akayanyonya yote, nyonyo nyonyo nyonyo, bila aibu, dume zima na ndevu zake. Mtoto wa Paa akalia siku nzima, na kilio chake kilifika pangoni.

Siku ya tatu akamnyonyoa Yangeyange akapata godoro. Siku ya nne Kima akacheka, Nyani akayaona meno yake, akauliza, "Hayo nayo ni ya rangi gani?" Kima akafumba mdomo, na tangu hapo maweni kote hakukusikika kicheko. Kila aliyenyang'anywa aliuliza, "Nani kasema?" Na kila mara jibu lilikuwa lile lile. Bi Sange akawa anatoka pangoni kwa kuvizia, kama mwizi. Akipishana na mtu njiani, anajifanya ameona mdudu mahali.

Siku ya saba Nyani akafika pangoni. Mize na Faki walikuwa wamelala chali, wanachezea miguu yao.

"Aa!" akasema Nyani. "Kumbe matumbo ya watoto wako ni meupe."

Bi Sange akamkazia macho.

"Kesho jua likichomoza nitawafuata," akasema Nyani. "Usiniangalie hivyo, dada. Sheria siyo yangu, vibaba ni vyako."

Akaondoka akiimba.

Bi Sange alikaa pale mlangoni mpaka alfajiri ikapita, hakulala. Alifikiri kuwapaka watoto matope, Nyani angewalamba. Alifikiri kukimbia, lakini miguu ya Faki ilikuwa bado laini. Jua likachomoza nyuma yake, akanyanyua macho, na mbele yake, upande wa machweo, akauona mwezi. Ulikuwa umejaa, unashuka taratibu, na ulikuwa umegusa ukuta wa tanuri. Ukuta ule ulikuwa wa mawe ya kale yaliyoungua moto miaka mingi, meusi, yamefifia kwa vumbi.

Jua moja lilimulika ukuta. Jua hilo hilo lilimulika mwezi. Na vyote viwili vilikuwa ubavu kwa ubavu.

Bi Sange akatazama ukuta, akatazama mwezi. Akatazama tena. Mwezi haukuushinda ukuta kwa weupe. Ulikuwa sawa na jiwe lililoungua! Akatazama chokaa iliyomwagika chini ya tanuri: chokaa iling'aa mpaka ikaumiza macho, na mwezi kando yake ukaonekana kama moshi.

"Kimoja," akanong'ona. "Mungu wangu. Ni kibaba kimoja, kwa kuzidisha ni kimoja na kidogo."

Ndipo aibu ikamshika vizuri. Maana kuujua ukweli ni jambo moja. Kuusema ni kusimama mbele ya Njiwa na kutamka, "Niliwadanganya."

Vishindo vikasikika, pu, pu, pu. Nyani anakuja, na wanyama wanamfuata kwa mbali kwa kuwa wanaogopa na pia wanataka kuona.

Bi Sange akamkimbilia. "Shikamoo, Bwana Nyani!"

"Marahaba. Watoto wako wapi?"

"Wapo. Lakini mkubwa kama wewe anakula watoto wawili tu, kama mtu asiye na urithi? Ndugu yako mwezi yule pale. Simama ubavuni mwake nikupime mbele ya watu, mara moja, iishe. Ukithibitika, cha rangi ya mwezi chote ni chako, hapa na ng'ambo, bila kuuliza mlango kwa mlango."

Nyani akameza mate. "Chote?"

"Wewe ndiye mwenye sheria. Iseme wasikie. Cha rangi ya mwezi ni cha nani?"

"Changu!"

"Hata kikiwa kidogo?"

"Hata kikiwa kidogo kama chawa!"

"Na kikiwa kingi?"

"Kikiwa kingi ndiyo raha!"

"Na kikija chenyewe, utakikataa?"

"Mimi? Nikatae?" Nyani akacheka. "Wahu! Kije!"

Akapanda juu ya tanuri, akajikalisha karibu na mwezi, kifua mbele. Jua likampiga. Alikuwa mweupe kiasi cha watu kufumba macho. Mwezi ulikuwa pale kando yake, wa kijivu, umechoka.

Bi Sange akainua pua. "Bwana Nyani, vibaba tisa," akasema. "Mwezi..." Akamtazama Njiwa. "Mwezi, kibaba kimoja."

Halafu Nyani akasema polepole, kwa utamu, "Kimoja? Juzi ulisema tisa. Ulidanganya lini, dada? Juzi au leo?"

Kima, mwenye huruma, akamnong'oneza Bi Sange, "Sema mwezi umechakaa. Sema juzi ulikuwa mpya."

Lilikuwa jibu zuri. Lilikuwa tayari kwenye ulimi. Bi Sange akamwona Mize amesimama mlangoni pa pango, anamtazama mama yake anayejua kila kitu.

"Juzi," akasema Bi Sange. "Nilidanganya juzi. Sikujua, nikaona haya kusema sijui. Niliupima peke yake, gizani, na kila kitu gizani peke yake hung'aa. Mwezi unapewa vibaba kumi vya jua, unakula karibu vyote, unarudisha kimoja. Ni mweusi kama ukuta huu. Ni mlafi, Bwana Nyani. Kwa tabia, kwa kweli, mmefanana."

Watu wakaguna. Mmoja akatema mate chini. Bi Sange akatamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ya maweni ni ngumu, haikupasuka.

Nyani akawaza: anayedanganya hujipamba. Huyu amejivua nguo mbele ya wanawe. Basi anasema kweli, na mimi hapa, mweupe hivi, nitapoteza ndugu na urithi!

"Ngojeni!" akapiga kelele. "Chokaa hii ni vumbi tu! Rangi yangu haswa ni ya ndani!" Akajirusha kwenye maji ya mvua yaliyotuama kati ya mawe, chubwi! Akajisugua, sugu, sugu. Kisha akaingia ndani ya tanuri, kwenye masizi na makaa, garagara, garagara. Akatoka mweusi tii, macho tu ndiyo yanaonekana. Akapanda tena.

"Nipime sasa!"

"Kibaba kimoja," akasema Bi Sange. "Mko sawa na mwezi. Ndugu, baba mmoja, mama mmoja."

"Wahu! Nipeni vyangu! Leteni vyeupe!"

"Vyeupe?" akauliza Bi Sange. "Umesema cha rangi ya mwezi. Cha rangi ya mwezi ni cheusi. Nao, naona, wamekwishaanza kuja."

Sange hula wadudu, na anazijua njia zao zote. Alijua ya kuwa nyuma ya tanuri, kila asubuhi jua likianza kupasha mawe, siafu hupanda ukuta na kupita juu yake. Nyani alikuwa amekanyaga katikati ya njia yao kwa makalio. Wadogo kama chawa. Wengi. Weusi. Na wamekuja wenyewe.

"Karibuni, nd..." akasema Nyani, maana watu wote walikuwa wakimsikiliza, na sheria ilikuwa yake. "Karibuni, ndu... ai! Ndugu! Ai! Wawili wawili basi! Aii! Si huko! Si huko!"

Akaruka, puu! Akakimbia, pukuchu pukuchu pukuchu, anajipiga makofi nyuma, vichaka vikafunguka na kujifunga. Hakuonekana tena maweni. Kima akacheka kicheko cha siku nne kilichokuwa kimelimbikizana. Paa akamwita mwanawe akamnyonyesha. Mize na Faki wakakumbatia miguu ya mama yao.

"Mama," akasema Mize, "kumbe ulikuwa hujui."

"Sikujua."

"Mbona hukuniambia?"

Watu wakaja mmoja mmoja kumshukuru Bi Sange, naye akashika pua yake kwa mikono miwili asiwatazame. Wa mwisho alikuja Njiwa. Hakumtukana. Akakaa tu karibu naye, kisha akasema, "Vibaba umevirekebisha, mwenzangu. Mayai yangu je?"

Hakuna ukuta wenye mistari ya kupimia jambo lile.

Mpaka leo ukimkuta Sange njiani hasimami kukutazama. Pua chini, chakachaka majanini, huyo, amekwenda.

Nimeitoa kinywani, nimeiweka mikekani. Iliyo tamu gawaneni, iliyo chungu nirudishieni, mwenyewe nimeizoea.

Na funzo lake, wanangu, ni hili: mkiulizwa msilolijua, jibuni upesi, tena kwa sauti kubwa, na msiseme kamwe "sijui." Atakayeumia kwa jibu lenu ni Njiwa tu, na Njiwa, kama mlivyosikia, hatukani mtu.