Mzee Tallo na Roho Iliyobaki Matopeni

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti ndogo? Mmekula au hamjala? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sogeeni. Hapo zamani za kale, mbali sana upande wa mashariki, palikuwa na bonde katikati ya milima. Wenyeji wake waliitwa Waapatani. Walilima mpunga kwenye maji, na humo humo kati ya mashina wakafuga samaki. Watu hodari!

Waapatani waliamini kila mahali pana mwenyewe. Mlima una pepo wake, msitu una pepo wake, hata jiko lina wake. Pepo akimpenda mtu mno, huichukua roho yake akakaa nayo. Mwili hubaki kitandani, unachemka.

Hapo ndipo aliitwa mganga, Mzee Tallo. Loo, mzee yule! Meno matatu, magoti mabovu, na moyo mweupe pe! Aliongea na pepo kama mtu anavyoongea na mashemeji: mara anawabembeleza, mara anawafokea. Akishapatana nao, aliiimba njia ya kurudi nyumbani, pahali kwa pahali, kilima hiki, kijito kile, na roho ikamfuata nyuma kama kifaranga. Asiruke hata pahali pamoja. Mwishowe kuku alichinjwa, ini likatazamwa. Ini safi, roho imefika. Ini lenye doa, bado.

Basi, siku moja akaugua Rinyo, binti wa pekee wa mjane Yamang. Hali, hasemi, anachemka tu. Mzee Tallo akaja alfajiri. Akaimba, akaimba, akaimba! Jua lilipopanda akachinja kuku. Ini lina doa. Akachinja wa pili, ndiye kuku wa mwisho wa Yamang. Doa lile lile.

Shemeji wa Yamang, bwana mmoja aitwaye Koyang, akajipenyeza mbele.

"Shemeji, pepo wanataka fahali. Mimi ninaye. Nipe shamba lako la mpunga, umchukue leo hii."

Yamang akamgeukia mganga. "Baba, ni kweli? Niambie tu. Shamba nitatoa."

Shamba lile ndilo chakula chote cha mama na mwana. Mzee Tallo akafumba macho, akairudia njia yake moyoni. Kilima cha misonobari, nilipita. Mto wa mawe, nilipita. Kinamasi... Hapo akakumbuka! Alipofika kinamasini koo lilikauka, akaomba pombe ya mchele. Akapiga funda moja, akapiga la pili, tamu kweli kweli! Aliporudi kuimba, akaanzia daraja la mianzi. Kinamasi hakukivuka. Mtoto wa watu kamwacha katikati ya matope!

Wasikilizaji wangu, angenyamaza, nani angejua? Fahali angechinjwa, wakubwa wangekula nyama, na lawama wangebebeshwa pepo. Tena mganga aliyeruka njia haitwi tena nyumbani kwa mtu. Aliona haya, mzee wa watu, mpaka masikio yakawaka. Lakini akamtazama Rinyo, akasimama.

"Pepo hawana kosa," akasema, wote wakisikia. "Mwenye kosa ni mimi. Nilikunywa pombe, nikaruka kinamasi. Koyang, rudi na fahali wako."

Watu wakaguna, "Mmh!" Wengine wakacheka. Koyang akasonya, akaondoka.

Mzee Tallo akatuma aletewe jogoo wake mwenyewe. Akakisukuma kibuyu cha pombe mbali kwa mguu, akaanza upya tangu mwanzo. Kilima cha misonobari. Mto wa mawe. Sauti ikamkwama, akakohoa, akaendelea. Alipofika kinamasini akainama kabisa.

"Rinyo, mjukuu wangu, nipe mkono. Nilikuacha hapa, nisamehe. Vuta mguu. Vuta!"

Chwap! Kitandani mguu wa mtoto ukatikisika. Chwap! Na wa pili. Mzee akaimba daraja, akaimba ua, akaimba mlango. Jogoo akachinjwa. Ini safi, halina hata alama!

"Mama," Rinyo akasema, "nina njaa."

Yamang akalia, akacheka, akalia tena. Mzee Tallo alikuwa anakusanya vitu vyake taratibu.

"Mwanangu, safari nyingine mwite mganga asiyekosea."

Yamang akamshika mikono yote miwili. "Asiyekosea simjui, baba. Mtoto wangu karudishwa na wewe uliyekosea ukasema."

Basi wanangu, kupotea njia ndiyo kujua njia, lakini kwa yule anayekubali kwamba amepotea. Anayekataa, huwaacha wenzake matopeni.

Hadithi yangu mimi imefika mlangoni. Nami nimefika.