Siku Kibibi Aliposimama Dede

Hii nimeletewa na mtu aliyeletewa na mwingine. Isome ukiwa umekaa, maana hata mimi ninayekutumia mgongo unaniuma. Ukimaliza, mpelekee yeyote ambaye hajainua kichwa tangu asubuhi.

Palikuwa na mwanamke aitwaye Semeni, kibarua wa kupandikiza mpunga. Kazi hiyo hufanywa kwa kuinama, miguu ndani ya tope, mkono mmoja umeshika miche na mwingine unachomeka, huku ukirudi kinyumenyume mpaka mwisho wa jaruba. Semeni alikuwa ameifanya miaka kumi na mmoja. Jioni akirudi nyumbani alitembea kama mtu anayetafuta sindano njiani.

Msimu huo nyapara wa shamba alihama. Mwenye shamba, Mzee Sekiete, akawakusanya vibarua.

"Nataka nyapara mpya," akasema. "Atakayefika mwisho wa jaruba leo bila kunyoosha mgongo hata mara moja, ndiye huyo."

Nyapara haingii topeni. Husimama juu ya tuta kutwa nzima, mgongo wima. Semeni hakutaka kitu kingine duniani. Akamketisha mwanawe Kibibi kwenye kanga juu ya tuta, karibu na Mzee Sekiete, akashuka majini.

Bi Mkejina, mwanamke mzima aliyekuwa mstari wa pili, akaanza maneno yake.

"Mjukuu wangu kasoma shuleni, eti watu wa kale waliinama miaka na miaka, ndipo wakasimama kwa miguu miwili."

"Basi hawakuwa na mpunga, mama," Semeni akajibu bila kuinua uso.

Bi Mkejina akacheka mpaka akanyooka, na mashindano yakamwishia hapo. Wala hakujali. Mmoja mmoja wengine nao wakashindwa, wakishika viuno na kulalamika. Ilipofika adhuhuri walibaki wanne, Semeni akiwa mbele. Kiuno kilikuwa kimekufa ganzi na jasho likimwingia machoni.

Zilipobaki hatua sita, akasikia makofi kutoka juu ya tuta.

"Dede! Dede! Simama dede!"

Mtoto aliyekuwa juu ya tuta ni mmoja tu. Na mtoto akisimama dede mara ya kwanza, aliye karibu huacha alichoshika akamshangilia. Wanawake wengine wote walinyooka, hata wale watatu waliobaki, wakapiga makofi kwa mikono ya tope.

"Semeni! Mwanao huyo!" Bi Mkejina akapaza sauti.

Semeni alisikia. Moyo ulimruka. Lakini akajiambia, hatua sita tu, atasimama tena. Akachomeka mche, akarudi nyuma, akachomeka mwingine. Machozi yalidondoka majini naye hakuinuka.

Alipofika mwisho, Kibibi alikuwa ameketi, anachezea udongo.

"Hongera, nyapara," Mzee Sekiete akasema.

Semeni akanyooka taratibu, mifupa ikilia. "Mzee, uliniona? Sikusimama hata mara moja."

Mzee Sekiete akakuna kichwa kwa aibu. "Nisikudanganye, mwanangu. Mtoto aliposimama nilikuwa namtazama yeye. Ungesimama na wewe, nisingejua."

Semeni akamgeukia Bi Mkejina. "Alisimamaje, mama?"

"Alishika fimbo ya Mzee, kisha akaiachia. Akasimama peke yake, anacheka."

"Alikuwa anatazama wapi?"

Bi Mkejina hakupenda kusema. "Alikuwa anakutazama wewe. Alikuwa anautazama mgongo wako."

Jioni nzima Semeni alimwimbia mwanawe dede, dede. Kibibi alikuwa amechoka, akatambaa mpaka mapajani kwake, akalala.

Kesho yake nyapara mpya alisimama juu ya tuta, mgongo wima kama alivyotamani miaka yote. Vibarua wakangoja amri yake ya kwanza.

"Kila mkimaliza mstari, nyookeni," akasema kwa sauti iliyochoka. "Waleteni watoto wenu hapa tutani, muwatazame. Kisha tutaendelea."

Funzo: Kazi ya kuinama haijawahi kuisha, na anayekuinamisha huenda hata hakutazami. Wako akisimama, simama umwone, maana mara ya kwanza hairudiwi hata ukiimbiwa.