Hedifoni za DJ Nyaki

Haya, sogeeni karibu. Mwenye simu aifunike, mwenye njaa avumilie, na mwenye haraka aondoke sasa hivi asije akaniharibia mwishoni. Hadithi yangu ya leo haina sultani wala sungura. Ina wivu. Na asiseme mtu hapa kwamba wivu haujui, maana nimewaona mlivyomtazama huyu dada alipoingia na viatu vipya.

Walikuwako vijana wanne Arusha, mtaa wa Ngarenaro, marafiki tangu shule ya msingi. Wote wanne walitaka kitu kimoja tu duniani: kuwa DJ wa hip hop redioni.

Lomayani alikuwa na mikono. Baba yake alikuwa na gereji, na nyuma ya gereji, kando ya injini mbovu, kulikuwa na mashine mbili za santuri alizoachiwa na mjomba wake. Akiunganisha nyimbo mbili, hujui ya kwanza imeishia wapi. Lakini mweke mbele ya maiki uone. Midomo inakauka, anakohoa, anasema, "Aaa... ndiyo hivyo," na hapo hotuba imekwisha.

Eliwaza alikuwa na mdomo. Alisherehesha kipaimara na sendofu, na akishika maiki hata bibi harusi anasahau kulia. Lakini biti ilimpiga chenga. Msanii akianza kuchana mistari, Eliwaza naye anaanza kuongea, na ukumbi mzima unampigia miluzi anyamaze.

Semboja alikuwa na masikio. Alikuwa fundi mitambo wa Redio Tambarare. Mpe wimbo mpya, atafumba macho, atasikiliza kidogo, kisha atakwambia, "Huu watauimba mpaka mtaa wa Unga Limited," na kabla wiki haijaisha unausikia kwa watoto wanaotoka shule. Lakini mikono yake ilikuwa mizito, na sauti yake ilikwaruza kama meza inayoburutwa sakafuni.

Na wa nne, Namnyaki? Yeye alikuwa na nini? Hapo ndipo watu wanapogombana, kwa hiyo subirini.

Basi, Lomayani akampa mikono. Kila jioni alimshika vidole juu ya santuri mpaka akaacha kuisukuma na kuanza kuisikiliza. Baba yake aliposema gereji si ukumbi wa disko, mashine ziondoke, Lomayani alimbebea Namnyaki mpaka kwao. "Chukua wewe," akasema. "Mimi hata nikipiga, nani atanisikia nikijitaja jina?" Alisema huku anacheka. Namnyaki naye akacheka, maana alidhani ni mzaha.

Eliwaza akampa mdomo. Wakati huo Namnyaki alikuwa anaongea kama mtu aliyeko maktaba. Eliwaza akamsimamisha uani na kumwambia, "Ongea na mwanamke aliyeko jikoni anasonga ugali. Mfanye auache mwiko." Akamrudisha tena na tena mpaka sauti ikatoka tumboni. Kisha akampa na salamu, salamu aliyokuwa ameitunza kwa siku atakayoingia redioni yeye mwenyewe: "Weka chini ulichoshika!" Akampa na jina, DJ Nyaki. "Salamu nakuazima tu," akasema. Jamani, umewahi kumwazima mtu salamu ukarudishiwa?

Na Semboja akampa mlango. Jumamosi moja mtangazaji wa mchana alipoteza sauti kwa mafua, na mkuu wa redio akaagiza upigwe muziki mtupu. Semboja akamwingiza Namnyaki kwa mlango wa nyuma, akamkalisha kitini, akampangia nyimbo, akawasha maiki. Mkuu alisikia akiwa kwa kinyozi, kichwa kimenyolewa upande mmoja. Akaja hivyo hivyo. Akamsimamisha Semboja kazi na kumwajiri Namnyaki, yote kwa pumzi moja. Semboja alikaa nyumbani masika nzima, mpaka mitambo ilipogoma na ikaonekana hakuna mwingine anayeiweza.

Kipindi kikaitwa Gereji. Kikapanda, ndugu zangu, kikapanda. Jumamosi mchana Arusha ilikuwa ya DJ Nyaki. Saluni walizima draya ili wamsikie. Wasanii wachanga walipanga foleni nje ya redio wakitaka awasikilize hata mstari mmoja. Akaitwa kupiga Moshi, akaitwa Babati, akaitwa mpaka Nairobi, na kila aliporudi alipitia gerejini kuwaletea wenzake zawadi. Wakapokea, wakashukuru, na alipotoka wakazitazama zile zawadi bila kuzigusa.

Wivu wao haukuwa wa kumtakia mabaya. Ungekuwa huo ningewaambia, na hadithi ingekuwa fupi. Walimpenda, na kumpenda ndiko kulikowauma. Lomayani akisikia santuri imekatwa vizuri redioni, vidole vyake vilicheza vyenyewe juu ya spana. Eliwaza alizima redio kila salamu ilipokaribia, kisha akaiwasha haraka asikose kipindi. Semboja ndiye aliyekuwa karibu zaidi, ng'ambo ya kioo, kidole kwenye kitufe cha maiki. Nyaki akikunja ngumi, yeye anafungua maiki. Akiachia, anafunga. Na kila mmoja wao aliwaonea wivu wale wawili pia, maana kila mmoja alijua moyoni kwamba ni yeye, ni yeye peke yake, aliyemfanya Nyaki kuwa Nyaki.

Sasa redio kubwa ya Dar es Salaam ikamwita. Na pale Tambarare palikuwa na desturi. Mtangazaji anayeondoka humvisha mtu mmoja hedifoni zake akiwa hewani, mji wote ukisikia, na husema, "Huyu ndiye aliyenifikisha." Anayevishwa ndiye anayerithi kiti. Mtu mmoja tu. Hedifoni hazivaliwi na vichwa viwili, sembuse vitatu, na mkuu alisema wazi kwamba kiti kitabaki na mtu atakayevishwa, awe yeyote.

Jumamosi ya kuaga ikafika. Lomayani alikuja ameosha mikono mpaka kucha, mtoto wa gereji! Eliwaza alikuja amesuka upya. Na Semboja, aliyeshinda maisha yake yote ng'ambo ya kioo, alivaa shati la pasi, akaacha kiti chake cha mitambo, akaja kukaa ndani ya studio pamoja na wenzake. Mtu hawezi kuvishwa hedifoni akiwa chumba kingine, au siyo?

Nyaki akaweka wimbo wa mwisho. Akakunja ngumi, akakumbuka kwamba ng'ambo hakuna mtu, akanyoosha mkono akafungua maiki mwenyewe kwa kitufe cha pale mezani. Akawaambia wasikilizaji wamsubiri, wimbo ukiisha atamtaja aliyemfikisha. Kisha akaachia ngumi, kama alivyozoea.

Nani angefunga? Mfungaji alikuwa amekaa naye ndani, na shati lake.

Eliwaza ndiye aliyeanza. "Nyaki, mdogo wangu, nadhani hapa hakuna cha kufikiria."

"Kwa nini?" akauliza Lomayani. "Kwa sababu wewe una maneno mengi?"

"Kwa sababu anayosema ni yangu! Juzi nimeenda soko letu la Kilombero, nimeshika kikapu, muuza nyanya ananiambia, 'Weka chini ulichoshika, kama anavyosema DJ Nyaki.' Ananiambia mimi! Salamu yangu! Nilirudi nyumbani nikalia, Lomayani. Nililia."

"Na mimi je? Kila Jumamosi nalala chini ya gari la mtu, nasikia mikono yangu inapigwa na mtu mwingine. Unajua inavyouma? Wewe angalau ukisherehesha watu wanakuona."

"Nyie wawili, chalii zangu, mlimfundisha uani," akasema Semboja na sauti yake ya kukwaruza. "Angebaki uani. Mimi nilitoa kazi yangu. Na mpaka leo nyimbo nachagua mimi, sifa zinaenda ng'ambo ya kioo."

"Wewe ulifungua mlango tu!"

"Haya, ufungue wewe tuone!"

Ndipo Eliwaza akasema neno ambalo nadhani lilikuwa limekaa vinywani mwa wote watatu muda mrefu. "Tukichukua kila mtu chake leo, huyu atabaki na nini?"

Nyaki alikuwa amevaa hedifoni. Sauti zao zilimjia masikioni juu ya wimbo, safi, na hapo akajua maiki iko wazi. Akatazama juu ya mlango. Taa nyekundu ya hewani ilikuwa inawaka. Saluni walikuwa wanasikia, gerejini wanasikia, na kule Kilombero muuza nyanya alikuwa ameweka chini alichoshika.

Angeweza kufunga. Kitufe kilikuwa karibu na mkono wake. Hakufunga.

Watu husema aliacha kwa hasira, ili mji uwajue. Mimi nasema aliacha kwa sababu naye alikuwa na wivu. Ndiyo, yeye! Aliwaonea wivu hawa watatu tangu gerejini. Kila mmoja wao alizaliwa na kitu ambacho hakuna wa kumdai. Yeye kila akisifiwa, alijua sifa ina mwenyewe. Alitaka kusikia mtu akitaja kilicho chake, hata kidogo, hata kwa bahati mbaya. Akangoja. Hawakutaja.

Wimbo ukaisha.

"Taa," akasema Nyaki taratibu, na wote watatu wakainua macho. Lomayani akashika kichwa. Eliwaza akafunika mdomo, kwa kuchelewa.

Nyaki akataka kusalimia, akakumbuka salamu ni ya nani. Akanyoosha mkono kwenye santuri, akaurudisha. Akautazama wimbo uliowekwa tayari mezani, akakumbuka aliyeuchagua. Basi akakaa. Redio ikawa kimya. Ninyi wasikilizaji hamjui kimya cha redio kinavyotisha watu wa redio. Ni sawa na mama kutomsikia mtoto kwenye chumba chenye jiko.

Na hapo, bila kuambizana, wote watatu wakainuka. Lomayani akaiwahi santuri, biti ikaingia. Eliwaza akaisogelea maiki, akasema, "Arusha, msiondoke, tupo," na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakumkanyaga msanii hata neno, kwa sababu nyuma yake Semboja alikuwa na kidole kwenye kitufe, akimfungulia na kumfungia kwa kufuata biti. Wakamwokoa rafiki yao mbele ya mji mzima. Kisha wakageuka kumtazama, na machoni mwao wivu ulikuwa bado upo. Haukuwa umeenda popote.

Nyaki akavua hedifoni, akasimama nazo mkononi.

Nimesimulia hadithi hii sehemu nyingi, na kila mahali watu wamegombana. Wapo wanaosema Lomayani, kwa sababu alitoa mashine zake na hakuwahi kuzidai. Wapo wanaosema Eliwaza, kwa sababu salamu ilikuwa ya kuazima na cha kuazima hurudishwa. Wapo wanaosema Semboja, kwa sababu ndiye pekee aliyepoteza kazi. Na mahali fulani alisimama mama mmoja, akasema Nyaki azivae mwenyewe na aondoke nazo, kwa kuwa watatu wale wangekaa uani mpaka leo kila mtu na kipande chake kama si yeye aliyewakusanya. Nusu ya watu walimpigia makofi. Nusu wakamzomea.

Mimi siamui. Nikiamua, mtasema nina wangu.

Biti inaenda ukingoni. Taa nyekundu inawaka. Vichwa vitatu vimeinama kidogo mbele yake, kila kimoja kikisubiri. Hedifoni zimo mkononi mwako sasa, si mwake. Je, ungemvisha nani, na wale wengine ungewatazamaje usoni?