Breki ya Jiwe

"Lori langu halijui hata fundi anafananaje," Obwocha, au Baba Lavender kama majirani walivyomwita, alizoea kutamba pale Keroka, kitambi kikimtangulia kama spika ya kanisa. "Gereji ni hospitali, na mzima haendi hospitali."

Lori hilo la kubeba ndizi kweli halikujua gereji. Lilijua jiwe. Breki ya mkono ilikufa zamani, na ya mguu haikuitika mpaka iitwe mara tatu, kama mtoto anayetumwa dukani. Kwa hivyo kila jioni dereva wake, Nyangau, alipoliegesha nyumbani kwake Birongo, ambako tambarare ni uwanja wa shule tu, mkewe Kemuma alitoka mbio na jiwe, akalisukumiza mbele ya gurudumu, ndipo mume ashuke.

Nyangau hakunyamaza. Alimwambia mwajiri wake mara nyingi kwamba breki zinavuja mafuta. Ama zitengenezwe, ama lori liuzwe linunuliwe jingine. Obwocha alijibu kwamba wenye ndizi wakiliona gereji watahamia kwa Omwenga, mwenye lori jipya. Mwenye lori moja ni kama mwenye jino moja: haendi kulionyesha kwa daktari.

Badala ya fundi, akaleta mtu wa kupaka rangi. Lori likapakwa buluu ya kung'aa pale pale mteremkoni kwa Nyangau, likiwa limeegemea jiwe lake, na kwenye paji la uso likaandikwa "Mungu Yupo".

"Sasa limepona," Obwocha akamwambia dereva. "Hayo ya breki yabaki kati yetu. Ukiyatoa nje, usukani nitampa mwingine."

Nyangau alikuwa na watoto wa kulisha. Akafunga mdomo, akafungua mlango wa lori.

Jumatatu moja, likiwa limejaa ndizi pomoni, lori lilishika mteremko wa kuingia Ogembo na halikushikika tena. Walioshuhudia walisema honi ililia bila kukoma, kisha Nyangau akaligongesha kwenye ukingo wa mlima ili lisiingie sokoni. Soko zima lilipona. Yeye hakupona.

Siku ya mazishi, Obwocha aliitwa kama mwajiri awaeleze waombolezaji kifo kilivyotokea. Alikuja na suti nyeusi na sauti laini. Akasahau wimbo wake wa Keroka, akasema lori lilikuwa zima kama reli, kwamba lilikuwa limetoka mikononi mwa fundi juzi tu, ila marehemu, Mungu ailaze roho yake pema, alipenda mwendo. Wenye ndizi wakatikisa vichwa kwa huruma.

Kemuma akainuka kando ya jeneza. Wanawake wakamfuata wakidhani anakwenda kuzirai. Alizunguka nyuma ya jiko, akarudi amekumbatia jiwe kama mtoto mchanga, akalitua miguuni pa Obwocha. Upande mmoja lilikuwa jeusi kwa mpira wa gurudumu. Upande wa pili lilikuwa na matone ya buluu.

"Baba Lavender," akasema bila kupaza sauti, "fundi unayemtaja ni mimi. Na breki yako ndiyo hii. Nimekurudishia."

Obwocha alitazama jiwe, watu wakamtazama yeye. Jioni hiyo wenye ndizi walirudi Ogembo kwa lori la Omwenga. Mficha maradhi kifo humuumbua, hata kifo chenyewe kikimwendea mwingine.