Zabibu Zilizokataa Kuwa Nyeusi

Paukwa!
Pakawa!
Mnaitika kwa uvivu. Mmeshajua hadithi inamhusu mzee mjuaji kama mimi, eeh? Haya.

Hapo zamani za kale, katika kijiji kikavu, aliishi mzee mwenye busara aitwaye Chilewa. Nani aliisifu busara hiyo? Yeye mwenyewe, tena sana. Desturi ilikuwa kwamba hakuna kuchuma wala kuonja tunda mpaka Chilewa aseme limeiva. Heshima hiyo aliipenda kuliko nyama ya mbuzi.

Siku moja akapita mtawa kutoka ng'ambo ya Bahari ya Mediterania, akapanda mzabibu. Akasema ni wa kukamulia divai nyeupe, aina ambayo hata kwao wachache waliijua. Akaenda zake. Mzabibu ukajengewa chanja cha fito, ukatambaa, ukatambaa, ukazaa vichala vya kijani tele.

Watu wakauliza kama wachume. Chilewa akatazama kwa mbali, mikono nyuma. Yeye alizoea zambarau. Akasema hazijaiva, zingojwe ziwe nyeusi.

Wakangoja. Ndege wakaja, pwi-pwi-pwi, wakazimaliza. Mwaka wa pili wakangoja. Zikaoza, zikadondoka, to-to-to. Na maji ya kumwagilia yalichotwa na mkewe, Bi Masigati, hata bega likamvimba.

Kikaja kiangazi kikali, kisima kikapungua. Wazee wakaamua mzabibu ung'olewe, maana unakunywa bure. Chilewa aliumia. Ule mti uking'olewa kabla zabibu hazijawa nyeusi, nani angemwamini tena?

Asubuhi ya kung'oa alitangulia shambani. Akakuta ndege. Akarusha fimbo, akateleza, pu! Chali chini ya chanja, mdomo wazi, kichala kikamwangukia usoni. Zabibu ikampasukia ulimini. Tamu! Akala nyingine. Tamu vilevile, na ya kijani vilevile.

Jasho likamtoka. Angeweza kusema zimeiva leo. Nani angejua? Tayari watu wa majembe walikuwa wanakuja, na Bi Masigati akiwa nyuma yao.

Chilewa akainuka, ndevu zikichuruzika.

"Wekeni majembe," akasema. "Mti hauna kosa. Umekuwa ukiiva kila mwaka. Niliogopa kuonja, msije mkajua kwamba sijui."

Kisha Bi Masigati akacheka. Akacheka mpaka akakaa chini, huku ameshika bega lake, na machozi yakamtoka. Chilewa aliona aibu hadi miguuni, lakini hakukimbia.

Mmoja akauliza, basi mwakani nani atawaambia zimeiva?

"Mna midomo," akasema Chilewa. "Onjeni."

Tangu siku hiyo hakuna aliyemuuliza tena. Ila hadi leo anakumbukwa kwa busara yake. Ya asubuhi ile moja tu, maana nyingine hakuwa nayo.

Funzo lenyewe: usilolijua, liulize au lionje, hata kama watu wanakutazama. Wakicheka, cheka nao. Hadithi yangu imekomea hapo, na ni fupi kwa sababu meno yangu ni machache.