Winchi ya Lori la Jeshi

Bwana Mtulya alinunua lori kuukuu la jeshi mnadani, akalipeleka kwa Semeni, fundi aliyepanga karakana kwenye kiwanja chake.

"Lifungie winchi ya kulivuta likikwama," alisema. "Shambani kwangu matope yanameza hata matrekta. Lakini nataka lori libaki vilevile lilivyokuwa jeshini. Jumamosi anakuja Sajenti Lukindo, aliyekuwa akiliendesha. Akiona kitu kigeni, utafute pa kuhamia."

"Sawa, mzee," alisema Semeni.

Akaifunga winchi mbele kabisa, juu ya bampa, nene kama ngoma, akaipaka rangi ya kijani ya jeshi.

Jumamosi wageni wa Bwana Mtulya walijaa uwanjani. Sajenti mstaafu alipoingia tu, Semeni alimpokea kwa sauti ya kusikika na wote.

"Shikamoo, afande. Kuna watu wanasema jeshini ulikuwa mpishi, lori hili hukuligusa. Nikawaambia waache uzushi, aliyeliendesha hawezi kuisahau winchi yake."

Sajenti aliitazama winchi. Akawatazama wageni.

"Nitaisahauje?" alisema. "Hii ndiyo iliyomtoa kamanda wangu mtoni, yeye na gari lake." Akaipapasa kwa mapenzi.

"Kumbe wale wa mnadani waliinyofoa," alinguruma Bwana Mtulya. "Wezi wakubwa."

"Mimi nimeirudisha tu mahali pake, mzee," alisema Semeni, huku akimpenyezea Sajenti kitambaa afute vidole, maana rangi ilikuwa haijakauka.