Mambo Matatu Yasiyo ya Fisi

Mghoi, mtunzi wa michezo ya kuigiza, aliitwa ofisini kwa Chifu Mwandoe, akakuta mswada wake mezani.

"Huyu fisi wako ni mimi!" Chifu alifoka. "Mchezo hauonyeshwi!"

"Fisi ni fisi tu, Mzee. Lakini nionyeshe palipokugusa, nipakate."

"Hapa, anapokula mahindi ya msaada. Kata!"

Mghoi akapiga mstari. "Sasa andika sababu pembeni, Mzee, ugonge na muhuri. Wasije wakasema nimekata kwa kupenda kwangu."

Chifu akaandika, "Huyu ni mimi," akagonga.

"Na hapa anapomega shamba la mjane!" Akaandika, akagonga. "Na hapa anapouza mabati ya shule!" Akagonga tena, moyo ukamtulia.

Jumamosi ukumbi ulifurika, Chifu akiwa kwenye kiti cha mbele. Fisi aliingia jukwaani, akajikuna, akatoka. Pazia likashuka.

"Ndiyo basi?" watu wakanung'unika.

Mghoi akajitokeza na mswada mkononi. "Jamani, mambo matatu tumeyakata, maana si ya fisi. Mwenyewe kajitokeza, na muhuri wake huu hapa."

Akaanza kusoma.